Kamera ya kuingia nayo majini: TG-7, Kodak ya bei nafuu, gopro au simu kwenye mfuko?

Kila kusi ikikata na maji ya huku Pangani yakianza kung'aa naletewa swali lile lile, eti ninunue kamera gani ya kuingia nayo majini. Leo anauliza shemeji anayepeleka wageni Maziwe, kesho binti anayesomea mambo ya bahari anataka kupiga konokono, keshokutwa baba mmoja anapeleka watoto Bongoyo sikukuu na hataki simu yake ya milioni mbili ife. Wote wanataka niwatajie jina moja tu waende dukani. Sasa jina moja silipati, maana hao watu watatu hawapigi picha ya aina moja, na kamera itakayomfurahisha mmoja itamkera mwenzake mpaka aiuze.

Kwa hiyo nimeweka njia nne ambazo watu kweli wanakwama katikati yake. Ya kwanza OM System TG-7, huyu ni mtoto wa ukoo wa Olympus Tough, jina limebadilika tu baada ya Olympus kuuza kitengo chao cha kamera. Ya pili Kodak PixPro WPZ2. Ya tatu kamera za eksheni, ambazo huku zote tunaziita gopro hata kama imeandikwa DJI ubavuni. Ya nne simu uliyonayo tayari, ndani ya ule mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni. Zipo na nyingine bana, Nikon W300 ilikuwa inashuka mita 30 na Fujifilm XP140 mita 25, nzuri tu ila wameacha kuzitengeneza, ukizikuta mtumba soma kwanza habari ya sili, ile raba ya mlangoni inayozuia maji, huko chini kabla hujatoa hela. Na zile WG za Ricoh bado zipo, siku hizi zina jina la Pentax, WG-8 inashuka mita 20, ukiipata kwa bei nzuri ihesabu kuwa iko kati ya TG-7 na Kodak.

Tunapima nini hasa

Kitu cha kwanza ni unapiga nini na kiko umbali gani na lenzi. Hili kwangu ndo kubwa kuliko yote na ndo halijaandikwa kwenye boksi. Majini hupigi kitu cha mbali, maji yenyewe ni pazia, kila yakiongezeka kati yako na samaki picha inazidi kufifia na rangi zinaondoka, nyekundu ndo inatangulia, ukishuka mita tano hivi imeshapungua sana ndo maana picha za watu wengi zinatoka buluu kama zimefuliwa na nguo mpya. Dawa yake ni kusogea. Sasa hapo kwenye kusogea watu wanagawanyika, kuna wanaosogelea kitu kidogo, kaa wa ukubwa wa kucha, hao wanataka lenzi inayofokasi karibu kabisa, na kuna wanaotaka kitu kikubwa kiingie chote wakiwa pembeni yake, papa potwe mzima au watoto watano wanaruka toka kwenye ngalawa, hao wanataka lenzi pana. Jijue uko wapi kabla hujasoma mita na megapikseli.

Cha pili ni kina. Zile mita kwenye boksi wamepima maji yakiwa yametulia, kamera mpya, sili safi. Kila mita kumi unazoshuka presha inaongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote tuliyoibeba juu ya bahari, na ukiruka toka kwenye boti na kamera mkononi kuna kishindo cha ghafla ambacho hakijahesabiwa pale. Lakini pia tusiongopeane, mtu wa snokeli anaelea juu, akipiga mbizi kwa pumzi yake labda afike mita nne tano, kwa huyo kubishana mita 15 na mita 20 ni ubishi wa kijiweni. Kina kinamhusu mzamiaji wa mitungi, kozi ya mwanzo tu ya kuzamia inamruhusu mpaka mita 18.

Vinavyofuata ni vyepesi. Video au picha ya kutulia, kipi unataka zaidi. Kuvumilia kudondoka, vumbi na baridi. Betri na namna ya kuchaji. Na hela, ila hela ya kweli, ukijumlisha memori kadi, betri ya akiba na kamba yenye boya, kwa sababu karibu zote hizi ukiziachia zinazama kama jiwe.

TG-7

Ilitoka 2023, ina megapikseli 12 tu, na mtu mwenye simu iliyoandikwa 108 akisikia hivyo anacheka. Mwache acheke. Hii kamera ina mpangilio wa kupiga vitu vidogo inaouita maikroskopu, inafokasi kitu kikiwa sentimita moja toka kwenye lenzi na hapo hapo unaweza kuvuta zumu. Niliwahi kulala kifudifudi kwenye dimbwi la mwamba maji yakiwa yamekupwa, nikampiga kaa mdogo kama punje ya kunde, nilipomfungua kwenye laptop usiku nikaona vinywele vya mguuni kimoja kimoja na punje ya mchanga imemkalia juu ya jicho. Nilikaa naye yule kaa nusu saa, chai ikapoa.

Kwa kitu kikubwa iko vizuri ila sio bingwa, lenzi yake ni milimita 25 mpaka 100 (namba ikiwa ndogo ndo pana zaidi), upana wa kawaida tu, unaweza kuifungia lenzi ya nyongeza ya jicho la samaki mbele lakini ni hela nyingine. Kina ni mita 15, ukitaka zaidi kuna boksi lake gumu la kuivalisha, PT-059, linaloifikisha mita 45. Mzamiaji wa mitungi asijidanganye, bila boksi hilo kamera hii haimtoshi. Video inapiga 4K, ile kali kuliko Full HD, fremu 30 kwa sekunde, rangi safi, ila ukiwa unaogelea inayumba na utaona tofauti ukiiweka pembeni ya gopro. Kudondoka wanasema mita 2.1, kukandamizwa kilo 100, baridi mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, hiyo ya baridi itamhusu anayepanda Kilimanjaro maana usiku wa kuamkia kileleni kunaweza kushuka kupita hapo, betri ilale ndani ya koti. Betri yenyewe kwa vipimo vyao ni picha 330 hivi, inachaji kwa USB-C, afadhali, TG-6 ilikuwa bado na ile micro-USB.

Udhaifu wake ni kwamba sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo. Lenzi haitoki nje kama za kamera nyingine, mwanga unapindishwa kwa kioo ndani na zumu inatembea humo humo, ndo maana maji hayana pa kupitia mbele, lakini umbo hilo linabana nafasi na usiku picha inakuwa na chengachenga. Harusi ya usiku piga na simu.

Bei ilipotoka Marekani ilikuwa dola 549, hujaweka usafiri na ushuru. Inamfaa mtu wa vitu vidogo, mwanafunzi wa viumbe, fundi au mpimaji anayeshinda saiti kwenye vumbi na mvua, na anayetaka faili za RAW, yani picha ghafi, akahariri mwenyewe. Itamkera mtu wa video, na anayetaka kubonyeza tu bila kujifunza.

Kodak PixPro WPZ2

Hii watu wanaidharau bure. Megapikseli 16, zumu mara nne, inaanzia milimita 27 kwa hiyo upana wake ni kama wa simu ya zamani, kina mita 15, kudondoka mita 2, na mambo yake hayana maneno mengi. Kwa kitu cha karibu haifokasi kama TG, ukimfuata yule kaa wa punje ya kunde utapata doa, lakini samaki wa ukubwa wa kiganja juani, maji masafi, picha inatoka ya kuweka kwenye albamu. Video ni Full HD tu, 4K hamna, na kwa kweli ukishaituma WhatsApp nani atajua. Ikiingia kivulini au mawingu yakifunga inachoka haraka, hapo ndo unapoona bei yake. Betri nunua ya pili, ni ndogo na haina gharama kubwa.

Bei yake ni dola mia mbili na kitu, chini ya nusu ya TG-7, na hilo linabadilisha namna unavyoitumia. Mwenye TG-7 anamnyang'anya mtoto kamera, mwenye Kodak anampa. Inafaa familia, walimu wanaopeleka wanafunzi ufukweni, mtu wa safari mbili kwa mwaka, na mwenye boti anayetaka kamera moja ya kuwaazima wageni. Haimfai anayetaka kuuza picha.

Gopro na ndugu zake

Kwa kitu kikubwa na kinachotembea hapa ndo penyewe. Lenzi pana sana, na ule utulizaji wa video ukiuona mara ya kwanza unadhani umewekewa reli majini. Mafia msimu wa papa potwe, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili hivi, boti zikitoka Kilindoni utaona wageni wengi wameshika hizi kwenye fimbo, na wana sababu, mnyama ana mita sita saba, anakupita pembeni, huna muda wa kuvuta zumu wala kuchagua mpangilio, unabonyeza kitufe kimoja unaogelea. Flashi watakukataza na hizi flashi hazina, shida imeisha.

Kupiga kitu cha karibu ndo zinaposhindwa. Fokasi yake imefungwa, kitu kikija chini ya sentimita 30 hivi kinakuwa ukungu, kwa hiyo konokono na kaa wasahau. Zumu ya lenzi hazina. Kina zinatofautiana na hapa usome vizuri, gopro yenyewe kama Hero12 au Hero13 inaishia mita 10 ikiwa uchi na mita 60 ndani ya boksi lake, DJI Osmo Action 4 mita 18 na Action 5 Pro mita 20 bila boksi lolote. Kudondoka zinavumilia vizuri kwa kuwa ni nyepesi, Hero12 ina gramu 154, kioo cha mbele kikikwaruzika kinabadilishwa. Betri ni ya kuhesabu kwa saa sio kwa picha, 4K mfululizo weka hesabu ya saa moja na kidogo, na juu ya boti juani, upepo hamna, kamera za namna hii zikiachwa zinarekodi zinapata joto mpaka zinajizima, zifunike na khanga mbichi mpaka muda wa kuingia majini. Jambo lingine dogo, ukitoa kichwa nje na kamera, tone la maji linagandia kwenye kioo na linaharibu kila kitu. Watu wanalamba kioo kabla hawajaingia. Sio masihara, lamba.

Picha za kutulia zinapiga ila mimi nikitaka picha moja nzuri ya mtu, kingo zilizopinda zinanikera. Hero12 ilizinduliwa kwa dola 399, na fimbo, boya na betri ya pili vitakufikisha karibu na TG-7 kabla hujastuka. Inamfaa mwenye chaneli, muongoza wageni, mtu wa kaiti, wa boda za masafa, mzamiaji anayetaka kumbukumbu ya safari nzima.

Simu ndani ya mfuko

Najua wengi ndo mnaanzia hapa. Simu nyingi za bei siku hizi zina IP68, alama ya kustahimili vumbi na maji, na hapo ndo penye mtego, Samsung S24 kwa mfano imepimwa mita 1.5 kwa dakika 30 na maji ya baridi, yani yasiyo na chumvi, iPhone 15 mita 6 dakika 30, zote maabara. Bahari sio maabara. Na ikiharibika kwa maji waranti haikugusi, wenyewe wameandika. Kwa hiyo usiingie na simu uchi hata kama tangazo limeonyesha bwawa.

Ndani ya mfuko mambo yanabadilika. Kupiga kitu cha karibu inategemea simu, plastiki iliyokunjamana mbele ya lenzi inachukua ukali, ila juu juu na jua la saa nne picha za watu zinatoka nzuri kuliko Kodak, simu inajua kuchezea rangi. Kina kichukulie mita moja mbili hata kama mfuko umeandikwa 30. Video nzuri. Skrini ikishakuwa chini ya maji haisikii kidole, fungua kamera ukiwa juu halafu majini tumia kitufe cha sauti kupigia. Kudondoka inategemea na kava yako. Betri na kuchaji hamna jipya, na faida kubwa ni kwamba picha iko kwenye simu tayari. Gharama ni elfu kumi na kitu, tuseme sahani mbili za pweza, lakini unachohatarisha ni simu yenyewe na namba zote na M-Pesa.

Kabla hujaiweka simu, weka tishu kavu peke yake humo, funga, zamisha kwenye ndoo na jiwe juu yake nusu saa. Tishu ikitoka na unyevu hata kidogo tupa mfuko. Fanya hivyo kila safari, sio siku ya kununua tu.

Habari ya sili, ambayo inazihusu zote tatu za juu

Kamera yangu ya kwanza ya majini sitaitaja jina kwa kuwa kosa halikuwa lake. Tulikuwa Maziwe, kile kichanga nje ya Pangani ambacho maji yakijaa kinazama chote, zamani kilikuwa na miti na kasa wakitaga. Nikafungua kimlango cha betri pale pale kwenye mchanga kubadilisha kadi, upepo unavuma, nikafunga, klik, nikaingia. Mita mbili tu. Skrini ikaanza kuonyesha mstari, halafu nikaona povu dogo sana, vijitone kama vya soda, vinatoka kwenye ukingo wa mlango. Nahodha akaichukua, akaitikisa sikioni, akasema "hiyo imekunywa", akanirudishia. Nyumbani nilipofungua nikakuta uzi mmoja wa khanga, mfupi kama kope, umelala juu ya ile sili ya mpira. Uzi mmoja. Mita 10 za kwenye boksi hazikunisaidia kitu.

Kwa hiyo ukinunua yoyote ile, mlango ufunguliwe nyumbani, mikono mikavu, hakuna feni inayopuliza mchanga, angalia sili na tochi ya simu kabla ya kufunga. Ukifungua kwenye joto lenye unyevu wa pwani ukafunga, ile hewa nzito inabaki ndani, kamera ikigusa maji ya baridi kioo kinaingia ukungu kwa ndani, chumba chenye kiyoyozi ni bora kama unacho. Ukirudi loweka kwenye ndoo dakika kumi na kuendelea huku unabonyeza vitufe chumvi itoke, na maji yawe matamu kweli, visima vya huku pwani vingi vina chumvi, utakuwa unasuuza chumvi na chumvi. Watengenezaji wanashauri sili ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Ndo maana mtumba wa kamera hizi ni bahati nasibu, muuzaji atakwambia haijaingia maji kamwe, wewe angalia mlango, ukiona kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri muage kwa heshima.

Sasa wewe uko wapi

Kama unapiga vidogo, mwani, konokono, wadudu shambani, au unahitaji kamera ya kazi kwenye vumbi na matope, TG-7, na hela ikibaki nunua ile ringi yake ndogo ya LG-1 inayozungusha mwanga wa taa kwenye lenzi, maana flashi majini inaangaza kila chembe inayoelea na picha inatoka kama imemwagiwa chokaa.

Kama ni wanyama wakubwa, watu wanaotembea, au unataka kuweka video mtandaoni, kamera ya eksheni, na ukiwa unazamia na mitungi bila kutaka boksi angalia zile za DJI kwanza kwa sababu ya kina, lakini kama unashuka kupita mita 20 boksi halikwepeki kwa yoyote. Silikanti wa Tanga, yule samaki wa kale, usiniulize, yule anakaa huko kwenye mita mia, muache apumzike.

Kama ni familia, au kamera itapita mikono ya watu wengi, Kodak, au yoyote ya bei hiyo ambayo ikizama hutalala njaa. Shemeji yangu mwenyewe wa Maziwe aliishia na mbili, gopro ya kwake na Kodak ya kuwapa wageni, na anasema Kodak ndo imemletea wateja zaidi kwa kuwa mgeni anaondoka na picha alizojipiga mwenyewe.

Na kama hujui bado utaingia majini mara ngapi, nenda na mfuko na simu ya zamani isiyo na laini, ile iliyolala kwenye droo. Piga safari mbili. Ukirudi angalia picha zilizokuudhi, kama zimekuudhi kwa sababu kitu kilikuwa kidogo, au kwa sababu kilipita haraka, au kwa sababu kilikuwa chini usiweze kukifikia, rudi juu usome upya sehemu inayokuhusu.